Injini mpya au ya mtumba? Hesabu ianzie kwenye bodi la gari

Neno "mpya" likitajwa katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, mnunuzi wa injini hana budi kuuliza ni mpya kwa maana gani. Ipo injini iliyotoka katika kiwanda kile kile kilichotengeneza gari, ikiwa ndani ya sanduku lake. Ipo iliyotengenezwa na kiwanda kingine, mara nyingi cha China, kwa kufuata mfano wa injini ya Kijapani. Ipo ya zamani iliyofunguliwa na kujengwa upya kwa pistoni, ringi na beringi mpya. Na ipo ambayo upya wake ni kwamba imeshuka bandarini juzi na haijawahi kufungwa kwenye gari lolote la hapa nchini. Hiyo ya mwisho ndiyo mtumba, na ndiyo iliyojaa mbele ya maduka.

Kwa mwenye gari dogo la kwendea kazini, kukosea uchaguzi ni hasara ya kuudhi. Kwa mfanyabiashara ambaye Hiace moja ndiyo mtaji wake wote, kukosea kunaweza kuwa mwisho wa biashara. Injini ikinoki, hesabu anayoletewa na dereva jioni inakatika siku hiyo hiyo, lakini marejesho ya mkopo, ada ya shule na kodi ya nyumba hayakatiki. Ndani ya siku mbili atakuwa amepata ushauri wa watu watatu. Fundi atasema injini ifunguliwe, muuza vipuri atasema inunuliwe ya mtumba, na jamaa mwenye uwezo atamwambia anunue mpya apumzike. Kila mmoja ana hoja, ila wote watatu wanazungumzia injini. Hesabu inayotakiwa ni ya gari zima.

Shilingi ngapi kwa kilomita

Injini ya gari la biashara inanunuliwa ili itembee kilomita kadhaa zenye kuleta fedha. Kipimo cha kulinganisha bei tatu au nne zilizo mezani kwa hiyo ni gharama ya kila kilomita moja, pamoja na siku ambazo gari litalala gereji. Siku hizo ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa sababu hakuna anayeziandikia risiti.

Mfano mmoja unatosha. Chukua Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L, ile ya silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, ambayo dereva wake hupeleka hesabu ya Sh. 50,000 kwa siku. Tarakimu za mfano huu ni za kufanyia hesabu tu. Bei halisi hubadilika wiki kwa wiki na duka kwa duka, na msomaji aweke zile alizotajiwa yeye.

Injini ya mtumba Sh. 5,000,000, kufunga, mkanda, oili na rejeta Sh. 1,000,000, siku 4 bila hesabu Sh. 200,000. Jumla Sh. 6,200,000. Ikitembea kilomita 120,000, kila kilomita imegharimu Sh. 52.

Kufungua injini ya zamani na kuijenga upya, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo, Sh. 4,000,000. Inaonekana rahisi kuliko zote. Lakini kuna kupeleka bloku kwa mchonga silinda, kusubiri pistoni za saizi inayofaa, kusubiri zamu ya mashine ya kusaga kranki, na kurudi dukani kwa sababu gasketi iliyoletwa siyo. Siku 21 ni za kawaida kabisa, nazo ni Sh. 1,050,000. Jumla Sh. 5,050,000. Ikitembea kilomita 80,000, kila kilomita ni Sh. 63.

Injini mpya ya kiwandani Sh. 17,000,000, kufunga na vifaa vyake Sh. 1,000,000, siku 30 za kuagiza na kusubiri Sh. 1,500,000. Jumla Sh. 19,500,000. Ikitembea kilomita 300,000, kila kilomita ni Sh. 65.

Kwa hesabu hiyo tofauti ya mpya na mtumba ni Sh. 13 tu kwa kilomita, na mtu mwenye fedha anaweza kusema hiyo ni bei ndogo ya kulala usingizi. Hapo ndipo wengi wanapoingia mtegoni. Kilomita 300,000 ni za injini. Gari lenyewe limebakiwa na ngapi? Ikiwa chesisi imeliwa na kutu, sakafu imeshonwa mara mbili, na giaboksi na difu zina umri ule ule wa injini iliyokufa, basi gari hilo halitafika mbali hivyo hata likipewa injini ya ndege. Likiwa limebakiza kilomita 120,000 za maisha, injini mpya imegharimu Sh. 163 kwa kilomita wakati mtumba umebaki pale pale kwenye Sh. 52. Likiwa limebakiza kilomita 80,000 tu, mambo yanageuka tena: mtumba unapanda hadi Sh. 78 na ile ovahoo ya fundi, iliyokuwa ikionekana ghali, inashinda kwa Sh. 63.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kulipwa katika shughuli hii awe fundi wa bodi, kabla ya fundi wa injini. Alale chini ya gari na bisibisi, achokoe chesisi mahali springi zinaposhikia, aangalie sakafu na nguzo za milango, kisha aseme gari lina miaka mingapi. Kwa magari ya ukanda wa pwani, yanayopigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, jibu lake mara nyingi huwa fupi kuliko mwenye gari alivyotarajia.

Wapo wanaojitetea kwamba fedha ya injini mpya itarudi siku gari litakapouzwa. Soko la magari yaliyotumika halifanyi kazi hivyo. Mnunuzi wa Dar es Salaam huuliza mwaka wa gari, na huuliza kama ni namba C, namba D au namba E. Injini ikiwa mpya atafurahi na ataongeza kidogo, lakini hataongeza Sh. 12,000,000 kwenye gari la zamani. Aidha, fedha hiyo ikiwa ya mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, tofauti hiyo ya Sh. 12,000,000 peke yake inadai riba ya Sh. 180,000 kila mwezi wa mwaka wa kwanza kabla deni halijapungua. Kwa hesabu ya Sh. 50,000 kwa siku, hizo ni siku tatu na zaidi za kila mwezi ambazo gari linafanya kazi kwa ajili ya riba tu.

Kilichoua injini ya kwanza

Swali la pili halihitaji mashine ya kuhesabia, nalo hupuuzwa zaidi: injini iliyopo ilikufa kwa nini? Injini ya dizeli ya familia ya L haifi kwa uzee tu. Nyingi hufa kwa joto, kwa kukosa oili, au kwa mkanda wa taimingi uliokatika. Sababu hizo karibu zote zinakaa nje ya injini, na injini ikibadilishwa zinabaki kwenye gari zikimsubiri mgeni.

Rejeta iliyoziba nusu ndiyo muuaji mkubwa. Gari linatiwa maji ya bomba miaka kumi bila kulanti, kutu inajenga ndani ya mirija, na fundi wa njiani, akiona gari linachemsha, anatoa thamostati na kuitupa. Gari linapoa kwa muda. Lakini kutoka siku hiyo injini haifikii joto lake la kufanyia kazi wakati wa baridi, na kwenye mlima wenye mzigo rejeta ile ile iliyoziba inashindwa tena. Hedi inapinda au inapasuka. Mwenye gari ananunua injini nyingine, inafungwa kwenye rejeta hiyo hiyo kwa sababu "haivuji", na baada ya miezi minane anarudi dukani kugombana na muuza injini. Muuza injini katika ugomvi huo huwa na haki kuliko anavyoaminiwa.

Mkanda wa taimingi nao ni hadithi ya kubana matumizi. Hubadilishwa kwa kilomita, na 100,000 ndicho kipimo kinachotajwa zaidi. Ukikatika kwenye injini hizi za dizeli, valvu zinagongana na pistoni, na kifaa cha bei ndogo kinaondoka na hedi nzima. Ndiyo maana yeyote anayefunga injini ya mtumba abadilishe mkanda, pampu ya maji na sili za mbele na nyuma injini ikiwa bado imekaa sakafuni. Kazi hiyo sakafuni ni ya saa chache. Injini ikishaingia ndani ya gari ni ya siku nzima na malipo mengine.

Rejeta mpya au iliyofunguliwa na kusafishwa, thamostati, mipira ya maji, kisafisha hewa kisicho na tundu na oili ya duka linaloaminika ni sehemu ya bei ya injini, iwe mpya au mtumba. Anayeziacha amenunua injini nusu kwa bei ya nzima.

Mtumba unatoka wapi

Biashara ya injini za mtumba ina mantiki yake, na mnunuzi anayeielewa hununua vizuri zaidi. Nchini Japan gari dogo jipya la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi na bima zake ni mzigo. Kodi ya mwaka hupanda kwa takribani asilimia 15 kwa magari mengi ya petroli yaliyopita miaka 13, na kwa ya dizeli miaka 11. Mjapani mwenye gari zima kabisa hujikuta akiambiwa na hesabu aliondoe. Gari linavunjwa, injini inakwenda kwenye kontena. Nyingine huja moja kwa moja Dar es Salaam na nyingine hupitia Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako kuna yadi kubwa za vipuri vilivyotumika. Wafanyabiashara wa Kirinyaga Road mjini Nairobi na wa soko la Kisekka mjini Kampala huchota kwenye kisima hicho hicho.

Kwa anayeagiza mwenyewe au kwa ushirika na wenzake, njia hizo mbili hazifanani kifedha. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, hivyo anayenunua Sharjah ananunua kwa dola kwa jina jingine. Yeni huelea. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dola moja ilipata yeni 103 au 104; Julai 2024 ilipata zaidi ya 160, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1986. Mwenye dola aliyenunua injini Japan wakati huo alipata punguzo ambalo aliyenunua Sharjah hakulazimika kulipata, maana mwenye yadi ndiye aliyebaki nalo. Upande wa shilingi nako kuna mawimbi: mwaka 2024 dola ilivuka Sh. 2,700 kabla ya shilingi kuimarika mwishoni mwa mwaka. Kwa kontena zima mwendo kama huo ni faida au hasara yote ya safari. Kwa mnunuzi wa injini moja, unaeleza kwa nini duka moja lina bei ya chini kuliko jirani yake: pengine lilinunua mwezi mwingine.

Lakini kuna jambo linalobadilisha hesabu ya miaka iliyopita, na wauzaji hawalitaji. Mwaka 2003 Tokyo na mikoa jirani ilizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vya moshi kutembea katika barabara zake, na injini nyingi nzuri za dizeli zikatafuta soko la nje. Lilikuwa wimbi la bahati kwa Afrika Mashariki. Wimbi hilo limepita. Hiace za dizeli za kizazi kilichoanza mwaka 2004 ziliuzwa Japan na injini za turbo za komoni reli, si za familia ya L. Maana yake ni kwamba 5L au 3L iliyotolewa kwenye Hiace ya Japan leo, kwa kawaida, ina umri wa miaka 20 au zaidi, hata kama aliyeiendesha alikuwa mzee aliyekwenda dukani mara moja kwa wiki. Sili zimekauka, mipira imekakamaa. Kilomita 120,000 za mfano wa hapo juu zilikuwa za kawaida kutarajia zamani. Mnunuzi mwangalifu wa leo afanye hesabu hiyo hiyo kwa kilomita 80,000, aone kwamba gharama inafika Sh. 78, kisha aanze kubishana bei.

Kwa injini za petroli za magari madogo hali ni nafuu. Ile 1NZ-FE ya ujazo wa 1,496, iliyofungwa kwenye magari mengi madogo ya Toyota, ilitengenezwa kwa miaka mingi na bado zipo zilizotoka kwenye magari ambayo hayajachoka. Hutumia mnyororo badala ya mkanda, jambo linaloondoa tishio moja. Kwa magari hayo mtumba haujapata mpinzani, na kununua injini mpya kwa Corolla ya miaka ya 1990 ni mapenzi kuliko biashara.

Kusoma injini iliyokaa chini

Injini ya mtumba haina kipima kilomita. Ina alama, hata hivyo, kwa anayejua pa kuangalia. Mafundi wa Japan wanapobadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ndogo juu ya kifuniko chake au karibu nacho, na kuandika tarehe na kilomita za gari siku hiyo. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa kalenda yao ya utawala wa wafalme. Kwa zama za Heisei ongeza 1988: Heisei 15 ni mwaka 2003. Kwa zama za Reiwa, zilizoanza Mei 2019, ongeza 2018. Karatasi hiyo ikiwepo, ina thamani kuliko maneno yote ya dukani.

Ushahidi bora zaidi ni kununua nusu ya mbele ya gari, iliyokatwa na kuletwa nzima ikiwa na injini, giaboksi, rejeta, nyaya, kompyuta na dashibodi. Kilomita zinasomeka. Kwa injini za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta njia hii huokoa fedha hata kama bei yake ni ya juu, kwa sababu fundi wa umeme anayetafuta kwa nini injini ya mtumba haielewani na kompyuta ya gari jingine hulipwa kwa siku.

Injini isiyo na karatasi wala dashibodi ikaguliwe kwa vifaa na macho. Kipimo cha kompresheni ndicho cha kwanza. 5L hubana hewa takribani mara 22 ili joto la kubana peke yake liwashe dizeli, na ringi zilizochoka hujulikana hapo mapema kuliko mahali pengine. Silinda zote 4 zitoe kipimo kinachokaribiana. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 fundi makini huiacha. Ikiwa muuzaji anaweza kuiwasha, iwashwe ikiwa baridi, asubuhi, wala si baada ya kupashwa moto kabla mteja hajafika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni maji, au dizeli isiyoungua. Mfuniko wa oili ufunguliwe injini ikiunguruma: ikipumua kwa nguvu, ringi zimekwisha. Chini ya mfuniko kukiwa na ute kama maziwa, maji yameingia kwenye oili.

Rangi mpya ya fedha juu ya injini isimfurahishe mtu. Kazi yake mara nyingi ni kuficha uvujaji na alama za spana. Matundu ya hewa na moshi yakiwa wazi, na injini imelala uani kipindi chote cha masika, ndani kuna kutu hata kama nje inang'aa.

Kuhusu dhamana, mnunuzi asome ahadi kwa makini. Ahadi ya kawaida ni siku chache za kujaribu, na ikishindikana anapewa injini nyingine. Fedha hairudi, na gharama ya kushusha na kupandisha tena ni yake. Mwenye hesabu safi anaiingiza hatari hiyo tangu mwanzo. Akikadiria kwamba katika injini tano moja itamkataa, na kufunga upya pamoja na siku zilizopotea ni Sh. 900,000, aongeze Sh. 180,000 kwenye bei ya kila mtumba anaoufikiria. Bado mara nyingi utashinda, ila kwa pengo dogo kuliko linalotangazwa.

Pale mpya inaposhinda

Yapo magari ambayo bodi lake halikubali kuzeeka. Land Cruiser za kazi zenye injini ya 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa 4,164, hubeba watalii kutoka Arusha kwenda mbugani kwa miaka mingi, na karakana za huko hurefusha chesisi na kujenga bodi upya. Gari la namna hiyo lina kilomita nyingi mbele yake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba siku yake moja ya kukodishwa ina thamani mara nyingi ya hesabu ya daladala, na injini ikifa katikati ya Serengeti hasara ni wageni wa kuhamishwa, hoteli zilizolipiwa na wakala wa Ulaya ambaye hatapiga simu tena. Hapo Sh. 13 za ziada kwa kilomita ni bima ya bei rahisi. Ovahoo kamili ya karakana yenye mashine zake, kwa vipuri vya kiwandani, inaweza kushindana na injini mpya, kwa sharti kwamba bloku halina ufa na gari la akiba lipo.

Injini mpya za mfano, kama zile za China zilizojengwa kwa kufuata 4Y ya Toyota, zinakaa katikati. Bei yake huwa chini ya ile ya kiwanda chenyewe, na historia yake haina siri kwa sababu haina historia. Ubora wake hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama dhamana yake imeandikwa kwa miezi na kilomita, nani anailipa akiwa Dar es Salaam, na kama pistoni na gasketi za injini hiyo zinapatikana dukani leo. Muuzaji asiyeweza kujibu la tatu anauza injini isiyoweza kufunguliwa mara ya pili.

Namba kwenye kadi

Lililobaki ni la karatasi, na linagusa thamani ya gari. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, kadi ibadilishwe kupitia Mamlaka ya Mapato, na kama ujazo umebadilika, mathalani kutoka 3L ya 2,779 kwenda 5L ya 2,986, hilo nalo liandikwe, na kampuni ya bima ijulishwe kabla ya ajali badala ya baada yake. Mnunuzi wa gari anayejua kazi yake hulinganisha namba ya bloku na ya kadi kabla ya kutaja bei. Zisipolingana anashusha bei au anaondoka.

Kwa hiyo siku ya kununua injini mtu asiondoke dukani bila risiti ya mashine ya EFD yenye namba ya injini iliyoandikwa kamili, pamoja na nakala ya hati ya forodha ya mzigo uliokuja nayo. Namba iliyosagwa au kugongwa upya ni sababu ya kuiacha injini hata kama kompresheni yake ni safi, kwa kuwa injini ya wizi huchukuliwa na polisi pamoja na gari ilimofungwa, na siku za kulala kituoni hazimo katika hesabu yoyote ya hapo juu.